Ufa Hauanzi Ukutani: Historia ya Ziwa, Udongo na Misingi ya Nyumba za Ujiji

Masika yanapokwisha na jua la kiangazi linapoanza kukausha ardhi, mafundi wa Ujiji hupata kazi ya aina moja: kuziba nyufa. Ufa umeanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari hadi karibu na paa. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri mwezi wa pili sasa unakwama. Mwenye nyumba hununua mfuko wa saruji, fundi huziba, rangi hupakwa, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Mwaka unaofuata ufa uko palepale, na pengine umezaa mwenzake. Hapo ndipo lawama huanza: fundi hajui kazi, saruji ilikuwa imeganda, tofali hazikuiva.

Lawama hizo mara nyingine huwa za haki. Lakini katika makala haya nataka kudai kwamba ufa wa nyumba ya Ujiji una historia ndefu kuliko umri wa fundi na wa mwenye nyumba. Ni historia ya ziwa linalohama, ya udongo ulioachwa na ziwa hilo, na ya dola tatu zilizofuatana ambazo kila moja ilichagua nani akae juu ya mwamba na nani akae juu ya tope. Kwa sababu hiyo, ukarabati wa msingi si suala la ufundi peke yake. Ni suala la nani anajua nini kuhusu ardhi, na nani analipa gharama ya kutojua.

Ziwa linalohama

Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, likifika takriban mita 1,470. Mito mingi huliingia, Malagarasi ukiwa mkubwa kwa upande wetu, lakini mto unaolitoa maji ni mmoja tu: Lukuga, unaotokea Kalemie upande wa Kongo na kuelekea bonde la mto Kongo. Mlango huo mmoja ukizibwa kwa tope na magugu, ziwa hupanda. Ukifunguka, ziwa hushuka. Ukweli huu mdogo wa jiografia ndio ufunguo wa historia ya makazi ya Ujiji.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, waliukuta mji wa soko na bandari ya mitumbwi. Stanley alikutana na Livingstone hapo mwaka 1871, na aliporudi mwaka 1876 aliona mabadiliko yaliyomshangaza: miti mitatu ya jamii ya mchikichi na mtende aliyoiacha imesimama sokoni sasa ilikuwa ndani ya maji, futi zipatazo 100 kutoka ukingoni. Kwa miaka isiyozidi mitano ziwa lilikuwa limemeza sehemu ya soko.

Kisha mambo yakageuka. Mnamo mwaka 1878 maji yalilivunja zuio la Lukuga. Edward Hore wa Jumuiya ya Misheni ya London, aliyefika Ujiji mwaka huohuo, alifuatilia jinsi maji yalivyokuwa yakirudi nyuma. Joseph Thomson alipoufikia mto Lukuga mwishoni mwa 1879, aliukuta ukienda kwa kasi. Kabla karne haijaisha, ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10.

Mita 10 za kwenda chini si jambo kubwa kwa mtu anayetazama majabali ya ghuba ya Kigoma, kwa maana huko mteremko ni mkali na maji hurudi nyuma hatua chache tu. Ujiji ni habari nyingine. Ardhi ya Ujiji huteremka polepole kuelekea ziwani, na upande wa kusini hupakana na tambarare ya mto Luiche. Katika ardhi ya namna hiyo, ziwa likishuka mita moja, ufuko husogea mbali sana. Ndiyo maana mgeni anayezuru kumbukumbu ya Livingstone leo hushangaa kuona kwamba, ili ayaone maji, inambidi aendelee kutembea.

Ardhi iliyofichuliwa na ziwa haikukaa bure. Ilikuwa na rutuba, ilikuwa karibu na mitumbwi, na haikuwa na mwenyewe wa jadi. Ikawa bustani, kisha mashamba, kisha viwanja. Lakini ilikuwa sakafu ya ziwa: matabaka ya tope laini, mfinyanzi na mchanga, yaliyolala bila kushindiliwa na kitu chochote isipokuwa maji yenyewe. Nayo maji hayakuondoka moja kwa moja. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, miezi ileile ya uhuru wetu, zililipandisha ziwa hadi likafika kilele mwaka 1964. Tangu mvua za 2019 na 2020 limepanda tena, likafurusha watu Gatumba na vitongoji vya Bujumbura, Uvira na Kalemie, na kwa upande wetu likavamia nyumba na miundombinu ya ufukweni, Kibirizi ikiwa mojawapo. Anayeliita jambo hili "maafa yasiyo na mfano" hajasoma historia ya mji wake.

Nyumba iliyojua kuyumba

Je, watu wa kale waliishije juu ya ardhi hiyo? Jibu limo katika aina ya nyumba zao. Nyumba ya Wajiji ilikuwa ya miti na nyasi. Wafanyabiashara wa pwani walipoanza kuweka makao katika vijiji vya Kawele na Ugoi, vilivyokuja kuungana kuwa mji, walileta nyumba ya pembe nne: tembe lenye kuta nene za udongo na baraza, na baadaye nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili.

Nyumba ya miti na udongo haina msingi kwa maana tunayoijua leo. Nguzo huchimbiwa ardhini, fito hufungwa kwa kamba, kisha kuta hukandikwa. Uzito wa paa hubebwa na nguzo kupitia mtambaapanya, wala si na ukuta. Ardhi ikivimba au ikinywea, nguzo moja hupanda kidogo, nyingine hushuka, kamba hulegea, udongo hupasuka. Hakuna kilichovunjika. Kabla ya mvua kuanza watu huchota udongo, huukanyaga pamoja na maji, na kuukandika upya. Nyumba iliyumba pamoja na ardhi, na ukarabati ulikuwa sehemu ya kalenda, kama kupalilia.

Tembe la udongo lilikuwa gumu zaidi kulitunza. Burton mwenyewe alipangishwa tembe bovu lililoachwa na mfanyabiashara wa Kiarabu, na mojawapo ya shughuli zake za mwanzo ilikuwa kulitengeneza paa kabla ya mvua. Tembe lilidumu pale tu palipokuwa na mikono ya kulihudumia mwaka hadi mwaka.

Hapa inafaa tuwe wakweli, kwa sababu baadhi yetu hupenda kuisifu "teknolojia ya asili" bila kuuliza ilifanya kazi kwa jasho la nani. Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa mji wa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mikono iliyochota udongo, iliyobeba maji kutoka ziwani na kukandika kuta za matajiri ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Katika nyumba za wanyonge, kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na ya ujima wa majirani. Utumwa ulipofutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, ulikuwa umekwisha kulegea kwa miaka mingi. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuulilia. Lakini mwanahistoria analazimika kutambua kwamba nyumba ya udongo haikuwa kitu tu, bali uhusiano wa watu na kazi. Uhusiano huo ulipovunjika, nyumba ile ilihitaji mrithi, na mrithi huyo hakuandaliwa.

Dola juu ya mwamba

Wajerumani walipoliteka eneo hili, mwanzoni walikaa Ujiji, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mji. Lakini ufuko unaorudi nyuma na maji mafupi havikufaa kwa meli. Wakaelekea Kigoma, kwenye ghuba yenye kina na vilima vya mawe. Reli ya Kati ilifika huko mwaka 1914. Meli ya Graf von Goetzen, tunayoijua leo kwa jina la Liemba, iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Stesheni ya reli ya Kigoma imesimama hadi leo, imara, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Uimara wa stesheni hiyo hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba "Wajerumani walijua kujenga". Ni kweli walijua. Lakini walijua pia kuchagua. Walikuwa na uwezo wa kuuacha udongo wasioupenda na kwenda kwenye ardhi waliyoipenda. Mkazi wa Ujiji hakuwa na uwezo huo. Serikali, reli na nyumba za maofisa zikapanda vilimani, na wenyeji wakabaki pale ambapo ziwa liliwaacha.

Waingereza hawakuugeuza mpango huo. Kanuni zao za miji ziligawa makazi kwa matabaka na rangi, na mtaa wa Waafrika ulichukuliwa kuwa mahali pa nyumba za muda. Kodi ya kibanda ilitozwa, lakini kibanda chenyewe hakikupewa elimu ya ujenzi, mifereji wala upimaji wa udongo. Kwa mtawala, nyumba ya muda haikuhitaji msingi, maana wakazi wake wenyewe walihesabiwa kuwa wa muda.

Nyumba bora juu ya msingi uleule

Baada ya uhuru, taifa lilikataa dhana hiyo, na lilifanya vema. Mwananchi alistahili nyumba ya kudumu. Mwaka 1971 serikali iliunda kitengo cha utafiti wa ujenzi, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Benki ya Nyumba ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikafungwa mwaka 1995. Katika nyanda za Buha, Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilihamisha watu kwenda vijiji vipya vilivyojengwa kwa haraka, ambako swali la "udongo huu ukoje?" halikuwa na nafasi mbele ya swali la "mmeshahamia?"

Kampeni za nyumba bora zilisisitiza vitu vinavyoonekana: bati badala ya nyasi, tofali badala ya fito, saruji badala ya udongo. Vyote hivyo viko juu ya ardhi. Kilichoko chini hakikuingia katika hesabu za kisiasa, kwa kuwa msingi haupigwi picha siku ya uzinduzi. Matokeo yake ni nyumba ya aina mpya: kuta ngumu za tofali zisizoweza kuyumba, juu ya mtaro mfupi wa mawe au tofali, juu ya udongo uleule ambao babu aliujengea nyumba ya kuyumba. Tulibadilisha nyumba bila kubadilisha ujuzi wa ardhi.

Tatizo hili si la Ujiji peke yake. Kibaha, mkoani Pwani, mhandisi Charles Lucian aliandika tasnifu yake ya udaktari, iliyokubaliwa mwaka 2008 katika chuo cha KTH cha Stockholm, juu ya nyumba zilizopasuka kwa sababu ya udongo unaovimba. Elimu ipo, na imeandikwa na Watanzania. Haijamfikia fundi.

Udongo hufanya nini, na fundi afanye nini

Kwa msomaji asiye mhandisi, nieleze kwa ufupi. Punje za mfinyanzi ni ndogo mno na zina umbo la vibamba. Katika baadhi ya aina za mfinyanzi, hasa ule wenye madini ya smektaiti, maji hupenya katikati ya vibamba na kuvitanua, na ukame huvibana. Nyumba haipasuki kwa sababu ardhi imesogea, bali kwa sababu imesogea zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Udongo ulio chini ya ukumbi hubaki na unyevu wake mwaka mzima, huku ule wa pembeni ukilowa na kukauka kila msimu. Nyumba nyepesi isiyo na ghorofa huumia zaidi, kwa kuwa uzito wake hautoshi kuuzuia udongo unaovimba. Tope laini la ziwa lina tabia nyingine: hudidimia polepole chini ya uzito, na halirudi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ukarabati si saruji. Ni penseli. Weka alama kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, kisha angalia tena masika na kiangazi. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika unasema udongo unavimba na kunywea. Ufa unaokua bila kurudi unasema nyumba inadidimia. Ufa uliotokea siku moja baada ya tetemeko, kama lile la tarehe 5 Desemba 2005 lililoanzia chini ya ziwa, una asili nyingine tena. Kuziba kabla ya kujua ni kutoa dawa kabla ya kupima ugonjwa.

Hatua ya pili ni maji. Mfereji wa bati unaopeleka maji ya paa mbali na ukuta, sakafu ya nje yenye upana wa mita moja inayoteremka kuelekea uani, karo la maji machafu lililohamishiwa mbali: vitu hivi vitatu huokoa nyumba nyingi kuliko zege. Mwembe uliopandwa karibu na dirisha nao hunywa maji ya udongo upande mmoja wa nyumba tu. Kivuli chake kina bei.

Hatua ya tatu, pale inapolazimu, ni kuushusha msingi hadi kwenye ardhi isiyobadilika. Hapa ndipo nyumba huangukia watu. Kamwe usichimbe chini ya ukuta mzima kwa mara moja. Huchimbwa vipande vifupi, visivyozidi mita moja na kidogo, tena visivyopakana, zege humiminwa na kuachwa likomae, ndipo vipande vilivyorukwa vifuatiwe. Ukuta nao hufungwa kwa mkanda wa zege lenye nondo ili nyumba isogee kama sanduku moja. Kazi hii inahitaji usimamizi wa mhandisi, na mahali ambapo ardhi ngumu haipatikani kwa kina cha kawaida, pengine jibu la haki ni kutoirudishia nyumba ile mahali pale.

Mita 60 kutoka wapi?

Sasa turudi kwenye siasa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa itangazwe kuwa ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita hizohizo 60. Ni sheria zenye nia njema. Lakini mtu wa Ujiji ana haki ya kuuliza swali moja rahisi: mita 60 kutoka ufuko upi? Wa 1876, uliokuwa katikati ya soko? Wa mwishoni mwa karne ya 19, uliokuwa mbali kule? Wa 1964? Au wa mwaka huu?

Sheria inayopima umbali kutoka kwenye mstari unaohama humwacha mwananchi asijue kama ni mmiliki halali au mvamizi. Maji yakiwa chini, hupimiwa kiwanja, hutozwa kodi, hupewa kibali. Maji yakipanda, huambiwa alijenga mahali pasipostahili. Nyumba ni ileile na mtu ni yuleyule. Bonde la Katubuka, ambako maji ya mvua hukusanyika na kuzingira nyumba, linatuonyesha kwamba hata mbali na ziwa swali ni hilohilo: nani alijua tabia ya ardhi hii wakati makazi yanaruhusiwa kukua?

Watumishi wa umma wanaosoma hapa watauliza, fedha zitoke wapi. Mengi ninayoyapendekeza hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, manispaa ichore ramani moja yenye mistari mitatu: ufuko wa miaka ya 1870, wa 1964 na wa miaka hii. Ramani hiyo ibandikwe katika kila ofisi ya kata, ili mnunuzi wa kiwanja ajue ananunua ardhi au ananunua sakafu ya ziwa. Pili, fomu ya kibali cha ujenzi iwe na mahali pa kueleza udongo, na shimo la majaribio lichimbwe kabla ya mtaro wa msingi. Tatu, mafundi wetu wafundishwe tabia ya mfinyanzi katika mafunzo mafupi ya vyuo vya ufundi, kwa Kiswahili. Nne, urasimishaji wa makazi usiishie kwenye mipaka ya kiwanja. Hati isiyosema lolote juu ya udongo humpa mwananchi haki ya kumiliki tatizo.

Kwa wanafunzi nina ombi. Wazee wa Kasingirima, Rusimbi na Kitongoni bado wapo wanaokumbuka maji ya 1964 yalifika wapi. Kaeni nao, andikeni, pimeni. Hiyo ni historia yenye matumizi kesho asubuhi. Kwa wanaharakati, msidai fidia peke yake baada ya nyumba kuanguka. Daini taarifa kabla haijajengwa.

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ina hekima, lakini ilitungwa kwa ukuta uliosimama juu ya ardhi tulivu. Ujiji haina ardhi ya namna hiyo, na kizazi kilichojenga huko kabla yetu kilijua. Nyumba mpya zinaendelea kujengwa wakati huu, maji yakiwa bado juu na ufuko ukiwa umeonyesha wazi mahali unapoweza kufika. Ni wakati mzuri wa kupima, kabla ziwa halijashuka na kutusahaulisha tena.